Karai la Zipora

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zipora alimfunga kaka yake Januari vifungo vya shati. Mikono ya Januari ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka uliopita. Bwana afya alisema ni zebaki, ile ambayo Januari huichanganya na mchanga wa dhahabu kwenye karai, kisha huichoma; moshi wake ni sumu. Januari alicheka tu, akarudi machimboni.

Siku hiyo Mwalimu Zakia alitaka kila mwanafunzi alete chombo cha nyumbani, wajifunze jina lake limetoka wapi. Kwa kina Zipora kulikuwa na sufuria moja tu, tena ina uji. Nyuma ya nyumba akaliona karai la zamani la Januari. Ni la kuonyesha tu, alijiambia. Akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa.

"Ni la bibi, anakaangia maandazi," aliliambia darasa bila kupepesa macho.

Mwalimu Zakia alifurahi mno. "Jina hili limevuka bahari! Limetoka India, ambako karai ni chombo cha kukaangia. Wafanyabiashara walikuja nalo pwani, likapanda bara. Huku mafundi wakabebea zege, wachimbaji wakaoshea dhahabu. Bibi yangu kule Ujiji alikaangia kachori. Leo tukaange viazi!"

Darasa likashangilia. Viazi vikamenywa, karai likatengwa juu ya mafiga. Zipora aliganda. Akisema, ataumbuka mbele ya wenzake wote. Fredy akainama kupuliza moto, uso karibu na karai, na Zipora akakumbuka vidole vya Januari vikitafuta tundu la kifungo.

"Fredy, toka hapo!" alipiga kelele. "Si la bibi! Ni la kaka, la zebaki. Nimedanganya, Mwalimu."

Mwalimu alimvuta Fredy na kuwaondoa wote. Hakuna aliyecheka. Watoto walirudi darasani na njaa zao.

Bwana afya alipoitwa na kulichukua karai, Mwalimu alimwita Zipora kando. "Umenidanganya, na imeniuma. Mimi nilijua jina lilikotoka, lakini karai lenyewe lilikotoka ulijua wewe peke yako. Ukijua hatari, sema mapema, hata kama utaaibika."

Jioni Zipora alimweleza Januari yote, huku analia. Safari hii Januari hakucheka. Aliitazama mikono yake.

"Kesho unifunge vifungo mapema," alisema. "Nakwenda zahanati."