Kopo la Boriki

Kila siku, kabla jua halijachomoza, Lois aliteremka genge la Newala pamoja na wanawake wa kijijini kwao, kwenda kuchota maji bondeni. Kuteremka kulikuwa rahisi, mtu aliweza hata kuimba. Kupanda, ndoo ikiwa imejaa kichwani, ndiko kulikomaliza maneno. Alipofika nyumbani jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na ndoo hiyo moja ilitakiwa itoshe kupikia, kunywa na kunawa uso. Ndiyo maana huko juu, mwaka ule wa 1952, hakuna aliyeosha chombo kwa maji ikiwa kinaweza kufutwa. Sahani ilifutwa kwa majani, chungu kilisuguliwa kwa majivu, na mtu aliyemwaga maji ovyo alitazamwa kama mwizi.

Aliyesamehewa alikuwa mmoja tu, naye ni baba yake Lois, Nathanaeli, dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati ndogo ya kijiji.

"Baba, umenawa mara tatu na saa nne haijafika," Lois alilalamika siku moja, akiitazama ndoo yake ikipungua.

"Na nitanawa mara ya nne," baba alijibu. "Mikono iliyoshika dawa haishiki ugali."

Asubuhi hiyo, katika chumba cha dawa cha zahanati, alikuwa akipima boriki, unga mweupe wa kutengenezea dawa ya kuoshea macho na vidonda. Unga huo hauna harufu, nao ni laini kama unga wa muhogo uliopepetwa vizuri. Alifunga dirisha ili upepo usiupeperushe, akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akapima kidogo kidogo kwenye mizani. Lois aliruhusiwa kutazama akiwa mlangoni tu. Chakula hakikuingia chumba kile, na hakuna kilichotoka humo bila ruhusa ya baba.

"Huu ukiwa nje ya mwili unatibu," baba alimwambia. "Ukiliwa, ni sumu. Mtu atatapika, atahara, ngozi itawiva kama aliyemwagiwa maji ya moto, na akizidisha atakufa. Nawe hutautambua kwa kuutazama, wala kwa kuunusa."

Lois alisikia, lakini kwa sikio moja. La pili lilikuwa mbali, kwa mama yake.

Mama Lois aliugua ukoma. Ilikuwa miaka miwili sasa tangu apelekwe kwenye makazi ya wagonjwa, upande wa Masasi, kutumia dawa mpya ambayo watu walisema inaponya kweli. Watoto waliruhusiwa kwenda kuwaona wazazi wao mara moja tu kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Mwaka uliopita Lois alishikwa na surua wiki ileile ya safari, akabaki nyumbani analia. Sasa alianza kusahau vitu. Sauti ya mama aliikumbuka, lakini jino lile lililopishana na mwenzake lilikuwa la kulia au la kushoto? Jambo hilo lilimtesa. Wakati mwingine alikaa kwenye kinu cha mama, akafumba macho na kujaribu kuuona uso wake wote kwa mara moja, akashindwa.

"Ukiishika miiko ya zahanati, Pasaka hii nakupeleka," baba alikuwa amemwahidi. Zilibaki wiki tano.

Jumatatu baba alihamishia boriki kwenye chupa kubwa, na kopo lake akaliweka nyuma ya mlango wa zahanati. Lilikuwa kopo zuri la bati, lenye mfuniko unaobana na karatasi safi ndani. Huko juu kopo la namna hiyo lilikuwa mali, na wanawake waliweza kununiana mwezi mzima kwa ajili yake. Jioni hiyohiyo Lois alisikia kwamba Muharami, mchuuzi wa chumvi na samaki wakavu, angeondoka kesho kwa baiskeli kuelekea Masasi, na kwamba angepita kwenye makazi ya wagonjwa.

Alikuwa ametwanga korosho na kuzichanganya na unga wa muhogo, unga wa uji alioupenda mama kuliko vyote, ila hakuwa na chombo cha kuutia. Kwenye mfuko wa nguo ungemwagika njiani, au kunyonya harufu ya samaki. Alilikumbuka kopo. Si tupu? Si litatupwa tu? Alilichukua, akachungulia, akaona vumbi jeupe kidogo juu ya karatasi. Alilifuta kwa majani ya muhogo, akamalizia kwa pindo la kanga, kama alivyofuta sahani siku zote. Kulisuuza kwa maji hakukumpitia hata akilini. Akajaza unga, akabana mfuniko.

Asubuhi alimkimbilia Muharami.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti wa dresa. Mbona unahema hivyo?"

"Naomba umfikishie mama yangu kopo hili. Mwambie ni uji wa korosho, nimetwanga mwenyewe."

"Litafika," alisema Muharami, akalifunga juu ya mzigo wake. "Na salamu je?"

Salamu zilikuwa nyingi mno, Lois akachagua moja. "Mwambie nimekuwa mrefu," alisema hatimaye.

Siku mbili alitembea kwa furaha. Jumatano jioni baba alirudi kutoka zahanati uso umekunjamana.

"Lois, umeliona kopo la boriki nililoweka nyuma ya mlango?"

"Hapana, baba," alisema Lois. Jibu lilitoka kabla hajafikiri.

"Basi kuna mtu amejitakia makubwa. Chini ya ile karatasi kulikuwa na boriki iliyopenya, ikaganda kwa unyevu. Karibu kikombe kizima. Nilitaka kulitoboa kopo kisha nilifukie. Akitia chakula humo, halafu kopo litikisike, boriki itamomonyoka na kuchanganyika yote."

Lois aliiona baiskeli ya Muharami ikirukaruka kwenye mawe ya genge. Akisema, Pasaka imekwenda, na hajui mwaka mwingine utamletea nini. Asiposema, labda mama hatakula mwingi. Labda hatapenda. Lakini angeachaje kuupenda? Unga ule umetoka kwa mwanawe.

"Baba," alisema, huku machozi yameshamwagika, "ni mimi. Nimelichukua mimi. Nimempelekea mama unga wa uji."

Nathanaeli hakupiga kelele. Alikaa chini polepole kwenye kigoda, akashika kichwa, na hilo lilimtisha Lois kuliko fimbo.

"Lini?"

"Jana asubuhi. Kwa Muharami."

"Basi limeshafika." Alisimama. "Jitayarishe. Alfajiri tunateremka, mimi na wewe. Utamweleza mama yako kwa kinywa chako mwenyewe."

Waliteremka genge kabla ya wachota maji, wakafuata njia ya mchanga bila kupumzika. Huko nyuma Lois alikuwa amewaza safari hii mara mia. Alikuwa ameiwaza akiwa na gauni la Pasaka, wakicheka. Sasa alikuwa nayo, na kila hatua alitamani miguu iende mbio, na papo hapo alitamani njia isiishe. Waliposimama mara moja kunywa maji, baba alimgeukia.

"Ungenificha hadi kesho, tungekuwa tunakwenda kuzika."

Walifika alasiri. Mlinzi wa lango aliwasimamisha, baba akamweleza haraka, na mlinzi akakimbia ndani. Lois alishika mti wa ua na kuhesabu pumzi zake. Akafika mia na kumi. Kisha akamwona mwanamke akija kutoka kwenye nyumba za udongo, mwembamba, anachechemea kidogo, amekumbatia kopo kifuani kwa mikono miwili.

"Mama!" Lois alipiga kelele. "Mama, umekula? Usile! Umekula?"

Mama Lois alisimama hatua sita kutoka kwenye ua, pale ambapo wagonjwa waliruhusiwa kufika.

"Sijala," alisema. "Nilifungua mara moja tu, nikafunga. Nililala nalo karibu na kichwa."

"Kwa nini hukula?" baba aliuliza.

"Nikila utakwisha, Baba Lois. Na hapa sina kitu kingine kilichoshikwa na mikono ya mwanangu."

Lois aliteleza kwenye mti wa ua, akakaa mchangani na kulia kwa sauti. Alipoweza kusema alieleza yote: kopo, majani ya muhogo, pindo la kanga, na ule uongo wa Jumatano. Mama aliliweka kopo chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akarudi nyuma.

Baba alilichukua, akachimba shimo refu pamoja na mlinzi mbali na njia ya maji, akalitoboa kopo na kulifukia, korosho na vyote. Mama na binti walitazama udongo ukifunika. Kisha baba aliomba maji, akanawa, na Lois naye akanawa mikono yake mpaka viwikoni, bila kulalamika.

"Sikiliza, Lois," alisema baba. "Kopo la dawa hubaki la dawa hata likionekana tupu. Halifutwi likatiwa chakula, wala halichukuliwi bila kuuliza. Mimi nami nina kosa. Ningelifukia siku ileile, lisingekushawishi. Lakini hukuacha woga ukufunge mdomo, na kwa hilo nakushukuru. Ukikosea jambo la dawa, sema saa hiyohiyo, hata kama utapigwa, hata kama utanyimwa unachokitaka kuliko vyote."

"Na Pasaka?" Lois aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pasaka utabaki nyumbani. Nilikwambia sharti langu."

Lois aliinamisha kichwa. Ilikuwa haki, naye alijua, lakini iliuma vilevile.

"Mwaka hadi mwaka ni mbali," alisema mama kutoka upande wake. "Lakini leo si umefika? Inuka, Lois. Futa uso. Muharami kaniambia umekuwa mrefu, na mimi sijaamini. Simama wima. Sasa geuka polepole, nikuone pande zote."

Lois aligeuka polepole. Alipomaliza kuzunguka, mama yake alikuwa anatabasamu, na jino lililopishana lilikuwa la kushoto.