Mziwanda wa Chuma

Kila asubuhi nyumbani kwa fundi cherehani, chai ilinywewa pamoja na habari za mgonjwa. Usidhani ni bibi au shangazi aliyelazwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mashine ya kiwandani.

"Jana alikohoa," mama alisema akimimina chai. "Nikamtegea sikio. Nikasema huyu, lazima kuna kitu kimemkwama kooni. Kumfungua hivi, makombo matupu!"

"Maskini," baba alijibu, mkate mdomoni. "Sasa amepona?"

"Amepona kabisa. Nimemwacha anafanya kazi vizuri."

Mama hakusema hata siku moja kwamba mashine imeharibika au imetengenezwa. Kwake yeye, mashine iliumwa, ilipona, ilinuna na kufurahi. Kwenye kona ya meza binti yao alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka zamani, huku akiwaza: Mimi nimekohoa wiki nzima, nikaambiwa ninywe maji ya moto.

Binti huyo walimwita Mziwanda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Kaka yake alikuwa dereva wa lori, dada yake ameolewa, kila mmoja ana kwake. Mama alikuwa wake peke yake, na jina hilo pia lilikuwa lake peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, tena akijiona mkubwa, lakini mama akiita kutoka mlangoni, "Mziwanda wanguuu!" alitupa kila kitu akakimbia.

Zamani mama alifunga biskuti kwa mikono pamoja na wanawake wenzake, kwenye meza ndefu. Alirudi mapema, akakagua daftari, akamsuka bintiye nywele. Kisha ikaletwa mashine ya kupanga biskuti, na mama akachaguliwa kuiendesha. Tangu hapo, nywele za Mziwanda zilisukwa Jumapili kwa Jumapili, na hata hizo Jumapili mama alisuka huku akisimulia habari za mikanda na nati. Wivu ulimkaa Mziwanda kifuani kama mwiba wa samaki. Kumwonea wivu mtoto wa jirani ni jambo la kawaida, lakini kuionea wivu mashine? Utaanzaje kumwambia mtu? Basi akanyamaza nao.

Siku moja mwalimu wa sayansi alitangaza kwamba darasa lingekwenda kutembelea kiwanda cha biskuti. Darasa zima lilipiga kelele. Jirani yake Mziwanda kwenye dawati, ambaye walimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alimpiga kiwiko.

"Kwa mama yako! Safari hii utatamba wewe!"

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Mziwanda alifurahi kutoka moyoni. Alijiona amesimama mbele ya wenzake, mkono wa mama begani mwake, mama akisema, "Huyu ndiye mziwanda wangu." Usiku ule alipiga pasi sare yake mara mbili.

Kiwandani walivishwa kofia za wavu na kuambiwa wasivuke mstari wa njano. Harufu ya biskuti za moto ilijaa puani hadi matumbo yakalia. Mama alikuwa amesimama kando ya mashine, aproni nyeupe, uso unang'aa. Watoto walisema shikamoo kwa pamoja. Mama akaitikia, akawatazama wote, kisha akaweka mkono wake juu ya kifuniko cha mashine.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Huyu ndiye mziwanda wangu."

Darasa lilicheka. Redio akageuka, macho yamemtoka.

"Hee! Hongera, mwenzetu! Umepata mdogo wako wa chuma!"

Walicheka tena, na mama naye akacheka, akidhani mzaha umenoga. Mziwanda alihisi masikio yakimwaka moto. Jina lake, lile alilopewa yeye tangu yuko mgongoni, limegawiwa hadharani kwa kitu kisicho hata na damu.

Mama aliisimamisha mashine ili aeleze vizuri. Biskuti zikitoka tanurini, alisema, hupita kwenye mkanda mrefu zipoe. Mkanda wa kwanza huenda polepole. Wa pili huenda kasi kidogo, na kwa hiyo kati ya biskuti na biskuti hupatikana nafasi. Mbele kuna jicho la umeme, dogo kama kifungo cha shati, linalozihesabu moja moja zikipita na kuitenga iliyopinda. Zikitimia kumi na mbili, kilango hushuka, mkono wa chuma unalisukuma fungu lile kwenda kufungwa, kilango kinainuka, kazi inaendelea.

"Jicho hili nalifuta na kulikaza mwenyewe kila asubuhi kwa nati hii," mama alisema, akiigusa nati yenye masikio mawili. "Likigeuka kidogo tu, litatazama ukuta, halitaona biskuti hata moja."

Wakati huo msimamizi wa zamu aliwaita watoto kwenye meza ya pembeni wakaonje biskuti zilizovunjika. Kusikia hivyo, nani alibaki? Walikwenda mbio, mwalimu akiwafuata, na mama akawafuata ili awagawie. Aliyebaki alikuwa Mziwanda.

Alivuka mstari wa njano. Akaishika ile nati. Ilikuwa imekazwa kweli kweli; ilimchubua kidole gumba kabla haijakubali kulegea. Akaligeuza jicho kuelekea ukutani. Sasa na uaibike mbele ya watu, aliiambia mashine kimoyomoyo, kisha akakimbia kuchukua biskuti yake kama wengine.

"Sasa mtazameni anavyohesabu!" mama aliwaambia waliporudi, akabonyeza kitufe cha kijani.

Biskuti zilikuja kwa mistari, nzuri, za rangi ya dhahabu. Kilango hakikushuka. Zilizotangulia zilijaa mbele, zilizofuata zikazipanda mgongoni, zikabanana, zikaanza kukatikakatika, mara zikamwagika sakafuni kama kokoto. Watoto walishangilia wakidhani ni mchezo. Mama alikipiga kitufe chekundu kwa kiganja, mashine ikanyamaza.

Msimamizi alikuja na kuinama. Aliligusa jicho, likacheza.

"Mama, nati hii asubuhi uliikaza?"

"Niliikaza."

"Una hakika? Maana watoto wote walikuwa mezani na sisi."

Mama aliigusa nati ile, akainua macho. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamesimama wakimtazama.

"Nafikiri niliikaza," alisema kwa sauti ndogo.

Mziwanda alitaka mashine iaibike. Alisahau kwamba chuma hakioni haya. Wenye haya ni watu, na aliyesimama pale akiokota vipande sakafuni, mbele ya darasa zima, alikuwa mama yake.

Jioni mama alirudi mapema. Msimamizi alikuwa amemhamishia kwenye meza ya kuchambua biskuti zilizovunjika, mpaka ijulikane kosa lilikuwa la nani. Mashine akapewa kijana mwingine. Mama alimsuka Mziwanda nywele siku hiyohiyo, na haikuwa hata Jumapili. Mziwanda aliketi katikati ya magoti yake akisubiri furaha ije. Vidole vya mama vilisuka, vikafumua, vikasuka tena palepale.

"Mama, hapo ulishamaliza."

"Nilimaliza? Ngoja nihakikishe."

Basi ukawa ndio mtindo. Mama alifunga mkebe wa sukari, akaondoka, akarudi kuugusa. Alizima jiko, akageuka, akalitazama tena. Asubuhi alifunga mlango, akafika barabarani, akarudi kuutikisa.

"Mama watoto, umefunga, nimekuona kwa macho yangu," baba alimwambia kutoka kwenye cherehani yake.

"Umeniona? Haya," mama alisema, lakini aliutikisa vilevile.

Kwenye chai hapakuwa tena na habari za mgonjwa. Palisikika vijiko tu. Huwezi kuamini, lakini Mziwanda alijikuta akitamani kusikia kwamba mashine imekohoa. Alikuwa amempata mama yake mzimamzima, na mama mwenyewe hayupo. Kidole kile kilichochubuka alikificha chini ya meza, kana kwamba kingeweza kusema.

Asubuhi moja mama aliweka kikombe chini, akamwambia baba, "Leo nakwenda kumwambia msimamizi asinirudishe tena kwenye mashine. Ampe yule kijana moja kwa moja."

"Kwa kosa moja?" baba alishangaa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Kosa si kitu, baba watoto. Najiuliza kila usiku: nilikaza au sikukaza? Naiona mikono yangu ikikaza, halafu nasema labda ni jana yake hiyo. Mtu asiyeiamini mikono yake atafanya kazi gani na mashine? Ipo siku nitamkata mtu kidole." Alisimama, akafunga aproni yake. Alikuwa anakwenda kweli.

"Mama, usiende!"

Wote wawili waligeuka. Mziwanda alikuwa amesimama, analia tayari kabla hajasema neno.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeligeuza lile jicho. Mlipokwenda mezani. Ulimwita mziwanda, mama. Ulimpa jina langu, wakanicheka... nikataka aaibike yeye. Sikutaka wewe..."

Baba alimtazama mkewe, akisubiri radi ipige. Mama alimsogelea binti yake, akamshika mabega.

"Nati ilikuwaje?"

"Nini?"

"Ulipoishika, ile nati ilikuwaje? Niambie ukweli!"

"Ilikuwa imekazwa, mama. Ngumu. Ilinichubua hapa." Akautoa mkono mafichoni, akaonyesha kidole gumba.

Mama alikivuta kile kidole karibu na macho yake. Kisha akakaa kitini kwa kishindo, akajifunika uso kwa aproni.

"Nilikaza," alisema. "Baba watoto, umesikia? Nilikaza!"

Alilia na kucheka kwa pamoja. Hasira ilikuja baadaye, nayo haikuwa ndogo. Mziwanda alisikia maneno ambayo hakuwahi kuyasikia kwa mama yake. Lakini baada ya maneno, mama alimshika mkono, wakaongozana hadi kiwandani.

Msimamizi alisikiliza amekunja uso.

"Unajua ingekuwaje kama mtu angekuwa ameweka mkono pale ulipochezea?" aliuliza. "Unajua nilikuwa karibu kuzuia shule zote zisije hapa tena?"

"Nisamehe, bosi. Sitarudia."

"Mama yako nilimsema mbele ya watu. Basi na wewe utasema mbele ya watu."

Mziwanda alisema yote mbele ya wanawake wote wa meza ndefu. Ilikuwa chungu, lakini hakufa. Alipomaliza, msimamizi alivua kofia yake ya wavu, akamgeukia mama.

"Na mimi nimekosa. Nilikuuliza mbele ya watu kabla sijachunguza. Rudi kwenye mashine yako, mama."

Meza nzima ilipiga makofi. Mama alikwenda, akalifuta jicho, akakaza nati. Kisha akabonyeza kijani na kumwita bintiye asimame kando yake, nyuma ya mstari wa njano. Biskuti zilikuja, kilango kikashuka, fungu likasukumwa. Mama alipaza sauti kidogo ili ashinde mngurumo.

"Tazama pale mikanda inapokutana. Biskuti zikiachwa zibanane, zinapandana, na zinazopandana ndizo zinazovunjika. Zinahitaji nafasi tu, na nafasi ipo. Kila moja inapita bila kumpunguzia mwenzake kitu. Moyoni mwangu ni hivyohivyo. Kazi ina nafasi yake, na wewe una yako, hakuna wa kukuondoa. Lakini wivu ukiufungia ndani, mwanangu, utamvunja mtu, na mara nyingi utamvunja unayempenda. Ukiumia, niambie. Mficha maradhi kilio humfichua."

"Nilikuwa naona haya," Mziwanda alisema.

"Bora haya ya kusema kuliko haya ya kufumaniwa. Na mimi jina lako nililigawa bila kukuomba, nimelirudisha. Huyu tutamtafutia jingine." Wakati huohuo mashine ilitema pembeni biskuti moja iliyopinda kidogo sana. Mama akacheka. "Ona anavyochagua! Tumwite Mama Mkwe. Hapitwi na kosa."

Mziwanda alicheka hadi wanawake wa meza ndefu wakageuka. Shuleni alisimama tena mbele ya darasa na kusema yote. Hata Redio alizimika siku ile.

Kesho yake asubuhi chai ilinywewa pamoja na habari za Mama Mkwe, aliyekuwa amenuna kutwa nzima. Kisha mama akamgeukia bintiye. "Na hicho kikohozi chako? Leo tunapitia zahanati kwanza."

Walitoka pamoja. Mama alivuta mlango, akazungusha ufunguo mara moja, akautia mfukoni. Mziwanda alimtazama wakati wakishuka barabarani. Mama hakugeuka nyuma.