Jina Katika Daftari la Ospan

Kila asubuhi Balnur aliwasha moto wa samadi kavu, akachemsha chai ya maziwa, akamimina vikombe viwili. Cha tatu kilibaki kabatini, hakikuwa na mnywaji. Wadogo zake walikaa mjini na wazazi. Yeye, kwa kuwa mzaliwa wa kwanza, alikabidhiwa kwa Bibi Kulyash amlee kijijini, kama ilivyo desturi. Nyumbani walikuwa wao wawili, na upepo wa nyikani.

Bibi alikuwa na uvimbe shingoni. Alipokuwa mtoto hapo kijijini, askari waliwatoa watu majumbani na kuwalaza mitaroni. Kisha ardhi ilitetemeka, na wingu la bomu la nyuklia likapanda. Sasa serikali iliwapa waathirika wa majaribio hayo kitambulisho cha fidia na matibabu. Bibi alikuwa amekataliwa mara mbili.

"Cheti kinasema ulizaliwa kusini, mbali na mabomu," karani Dauren alimwambia ofisini mara ya pili. "Na kwenye daftari la kaya za hapa, jina la baba yako halimo."

"Kwa hiyo uvimbe huu niliununua sokoni, mwanangu?"

Siku hiyo Balnur alipotoka shule alichukua wembe na kuanza kukwaruza jina la mji kwenye cheti. Herufi moja ilikuwa imeshatoka Bibi alipoingia.

"Balnur! Ukifuta herufi moja kwa uongo, wataufuta na ukweli wetu wote."

"Ukifa je, Bibi? Nitabaki na nani?"

Bibi aliuchukua ule wembe. Kisha akamshika mkono.

Kesho yake walirudi kwa karani. Balnur aliweka cheti mezani.

"Nimekikwaruza mimi, siyo Bibi. Niliogopa. Mimi nilikabidhiwa kwake anilee, kama yeye alivyokabidhiwa kwa babu yake. Sina mwingine hapa."

Dauren alikuwa ameshakunja uso. Ghafla ukakunjuka.

"Alikabidhiwa kwa babu yake? Mama, mbona hukusema?"

"Nani husimulia jambo ambalo kila nyumba hulifanya?"

"Babu aliitwa nani?"

"Ospan."

Karani alifunua daftari kuukuu la miaka ya mabomu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Ospan... mke... Kulyash, binti, miaka mitano." Akacheka. "Mzee alikuandika kama binti yake wa kumzaa! Nami nilikuwa nikikutafuta kwa jina la baba yako!"

Bibi aliugusa mstari ule, machozi yakimtoka.

Kitambulisho kilipokuwa tayari, Dauren alikileta mwenyewe.

"Binti," alimwambia Balnur, "wembe wako ungemfungia bibi yako mlango. Ulipokiri kosa, ndipo ukasema na lile tulilokuwa tukilitafuta. Siku nyingine anza na ukweli."

"Nimesikia, mjomba."

Balnur alitoa kikombe cha tatu. Akakitia chai nusu tu, akampa Dauren, kama anavyotiliwa mgeni ambaye wenyeji hawataki aondoke mapema, ili aombe tena na tena.