Mdomo Ulioachwa Wazi

Magharibi ile nilimpelekea mkwe wangu chakula kwenye ukumbi wa video. Kazi yake ni kutafsiri filamu: anakaa nyuma na maikrofoni, anawasemea wote, mwanamume, mwanamke, hata mbwa. Watu wazima na ndevu zao hupanga foleni kusikiliza upuuzi huo.

Filamu ilikuwa ya mchawi wa kuchekesha. Mchawi gani anateleza kwenye sabuni? Wa kuifurahia ni wale tu ambao hawajawahi kusikia nyayo juu ya bati lao.

Kazi ile ina sheria moja. Aliniambia mwenyewe siku alipokuja kuposa, kana kwamba ni udaktari: mdomo ukifunguka kwenye kioo, uwekee maneno. Usiuache mtupu.

Lakini tumbo la mkwe wangu lina nguvu kuliko akili yake. Aliponiona na bakuli, akaweka maikrofoni chini, akatia tonge.

Kwenye kioo, yule mchawi akafungua mdomo...

Kimya.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Mchawi akageuza shingo taratibu, akatazama nyuma ya ukumbi. Tulipokuwa sisi.

"Mama," akasema, "karibu ukae."

Sauti ya mkwe wangu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamgeukia. Mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Akameza, midomo ikacheza... hakikutoka kitu. Akanishika mkono, mimi mama mkwe wake, mbele za watu. Hapo nikajua si mzaha.

Daktari alisema koo halina kasoro. Mganga naye akaanza maneno marefu, nikamwacha ayamalize peke yake.

Sasa mkwe anafagia ukumbi uleule. Filamu ile inajisemea yenyewe kwa sauti yake, haihitaji tena mtafsiri, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Wanasema siku hizi yule mchawi anatia fora. Vichwa maji.

Binti yangu amejifungua. Kila Jumamosi anambeba mtoto kwenda ukumbini, eti amsikie baba yake. Nimemkataza mpaka ulimi umekauka.

Juzi nikawafuata. Katikati ya vichekesho, mchawi akapiga magoti, uso umejaa kioo kizima, akanyoosha mikono.

"Mlete nimpakate," akanong'ona.

Watu wakacheka mpaka machozi.

Mjukuu wangu hakucheka. Alinyoosha mikono yake...

Na binti yangu akasimama.