Wimbo Ulioburuta Miguu

— Chukua santuri yako, Bwana Shitanda. Ujumbe umefika.

Nanzala aliiweka sahani nyeusi juu ya meza ya ofisi ya mizigo, pale stesheni ya reli ya Eldoret, taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Hata kwa hasira aliyokuwa nayo, hakutaka ipasuke.

Kiptoo, karani wa meza ya pili, aliinua kichwa.

— Shitanda, huu mzigo umerudi hata kabla ya kupigwa muhuri!

— Nyamaza, Kiptoo. Nanzala, umeisikiliza?

— Nimeisikiliza mpaka nikalia. Umehamishiwa Nakuru, Jumatatu unapanda treni, sawa. Lakini kama ni kuniaga, si ungekuja mwenyewe? Kumtuma mama wa Kizungu aje anililie matanga!

— Matanga?

Kalamu ilimtoka Shitanda mkononi.

Santuri ile ilitoka kule Soy, nje ya mji, kwa familia moja ya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Shitanda alitumwa kufunga mizigo yao, akaviringisha kila sahani ya udongo kwa gazeti, isivunjike hata moja. Wimbo ulipopigwa, alisimama mlangoni na kamba mkononi, akasahau kazi. Mwenye nyumba alimwona, akatabasamu, akampa ile santuri bure. Alimweleza kuwa ni wimbo wa mchezo wa jukwaani, ile michezo ya kuchekesha ambayo watu huimba badala ya kusema. Mwanamke anapenda, na kuficha kumemshinda.

Shitanda aliandika hati za mizigo kutwa nzima bila kosa, lakini maneno mawili kwa msichana yalimkwama kooni. Basi akaifunga santuri vizuri, akampelekea Nanzala na kikaratasi: “Hivi ndivyo moyo wangu unavyosema. Nijibu kabla ya Jumatatu.”

Nanzala alikuwa mgeni mjini. Alikaa kwa Mama Priscah, mwalimu wa kwaya na mke wa mwinjilisti, aliyekuwa na gramafoni. Wiki hiyo Mama Priscah alikuwa Turbo, mji wa jirani, akiuguza mgonjwa, kwa hiyo Nanzala alizungusha mkono wa mashine peke yake. Sauti ilitoka nzito, ya chini, ikijikokota kama watu wanaofuata jeneza. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Ndiyo maana ilimuumiza.

— Mimi nilimsikia huyo mama akicheka, alisema Shitanda.

— Akicheka? Anavuta kila neno kama anavuta gogo!

— Anakimbia, Nanzala. Na sauti yake ni nyembamba, iko juu kabisa.

— Ni nene. Mwanamume mwenye sauti ya besi angeimba naye bila kujikaza.

— Basi mmoja wenu ni kiziwi, alisema Kiptoo. Tupige kura?

Shitanda alikunja midomo, akapiga mluzi mbele ya wapagazi na magunia yao ya mahindi. Mluzi ulipanda juu, ukajizungusha, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mpaka mpagazi mmoja akaanza kutikisa bega.

Nanzala alikuwa tayari mlangoni. Sikio lake likamzuia.

— Rudia.

Akarudia. Nanzala alifuata kwa kunong’ona:

— So, mi, mi, re, do... Shitanda, noti ni zile zile! Ila wako unaruka, wangu unaburuta miguu.

— Sasa?

— Sasa beba santuri yako, twende.

Walimkuta Mama Priscah nyumbani kwake, ndio kwanza amefika, vumbi la Turbo bado miguuni. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akashika kichwa.

— Ai, watoto wangu! Hii mashine mimi ndiye niliyeifunga.

Aliwaonyesha kidude cha kurekebisha mwendo, kando ya sahani inayozunguka. Kilikuwa kimekazwa kwa uzi.

— Kwaya yangu haishiki wimbo unaokimbia. Kwa hiyo naupunguza mwendo, kila mtu anapata sauti yake, halafu mbio tunakimbia wenyewe. Mashine ikienda polepole, sauti nayo inazama. Nikaenda zangu Turbo bila kukuambia. Nisamehe, mwanangu.

Alikata uzi kwa meno, akasogeza kidude, akateremsha sindano.

Mwanamke wa santuri aliamka. Hakuna neno lingine. Sauti yake ilipanda, ikasita juu kidogo kama mtu anayezuia kicheko, ikashuka mbio, ikapanda tena. Lugha yake hakuna aliyeijua, lakini Nanzala alihisi uso wake ukipata moto. Kumbe huyu mtu mkimya wa mizigo alikuwa amebeba jambo kama hili kifuani!

— Naenda kuchemsha chai, alisema Mama Priscah. Kuni ni mbichi. Nitachelewa.

Kuni hazikuwa mbichi.

Santuri ilikwisha. Shitanda alikuwa akitazama viatu vyake.

— Kwa hiyo unapenda mbio hivyo? aliuliza Nanzala.

— Hapana. Kupenda nilipenda polepole. Kusema ndiko nilikotaka kuharakisha, treni isinipite.

— Basi sema. Huyo mama amemaliza, zamu ni yako.

— Si umesikia?

— Nimemsikia yeye. Kwani nitaolewa na yeye?

Shitanda aliinua macho kutoka kwenye viatu.

— Nanzala, ninakupenda. Utakubali nitume wazee kwa baba yako?

— Watume. Na wakifika wasikae wakizungumza habari za mvua mpaka jioni. Wakikawia, nitatoka jikoni niwajibu mwenyewe.

Shitanda alicheka, akafunika macho kwa kiganja, na Nanzala akakiondoa kile kiganja, akakishika.

— Nanzala! Mama Priscah aliita kutoka jikoni. Nauliza tu, mwanangu. Hii chai ni ya maziwa, ya sherehe, au ni ya rangi tu?

— Ya maziwa, mama. Tia mengi!