Nyuzi za Miaka Minane

Fundi alikata nyuzi nne za gitaa la besi lisilokuwa lake, na hakuuliza. Alizikata siku moja tu kabla ya mwenyewe kuzihitaji kuliko siku nyingine yoyote maishani. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi hayakusaidia chochote.

Walikuwa wamekutana Jumamosi moja, saa tano asubuhi, katika duka la vyombo vya muziki. Duka lilifurika. Huyu anajaribu ngoma, yule anabonyeza kinanda, mwingine anapuliza tarumbeta iliyoziba mpaka macho yanamtoka. Fundi alikuwa na meza yake ya kutengenezea magitaa kule nyuma, karibu na dirisha, lakini siku za Jumamosi hakukaa huko. Alisimama mbele na aproni yake ya turubai yenye madoa ya gundi, penseli sikioni, akigawa ushauri kwa aliyetaka na asiyetaka.

"Gitaa la besi halinunuliwi kwa macho," alikuwa akimwambia bwana mmoja wa suti aliyeng'ang'ania gitaa jekundu. "Livae. Simama nalo. Sasa liachie mkono. Umeona shingo inavyoanguka? Hilo litakumaliza bega. Chukua lile la kahawia, lile lenye sura mbaya. Na mkanda uwe mpana, si huo kama wa suruali. Halafu hiyo amplifaya ndogo iache hapo hapo. Besi ikipita kwenye spika ndogo inalia kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya pipa."

"Na nyuzi je?" sauti ya mwanamke iliuliza nyuma yake.

"Nyuzi badilisha kila miezi mitatu," alijibu bila kugeuka. "Nyuzi kuukuu ni chai ya jana."

"Basi mimi nakunywa chai ya miaka minane."

Hapo aligeuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ndani ya gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, raba nyeupe miguuni, nywele zimefungwa juu kwa kitambaa cha njano. Mgongoni alibeba mfuko wa gitaa uliompita kichwa.

"Umemletea kaka yako gitaa litengenezwe?" Fundi aliuliza.

"Kaka yangu anaendesha kreni. Gitaa ni langu. Tundu la waya linakwaruza. Unaweza kutengeneza, au wewe ni wa kuongea tu?"

Yule bwana wa suti alicheka mpaka akalirudisha gitaa jekundu mahali pake.

Fundi alilitengeneza tundu kwa dakika kumi, akachomeka waya, akamwambia ajaribu. Mwanamke alipiga taratibu, vidole viwili tu. Ilikuwa sauti ya chini, ya mviringo, isiyo na mng'ao wowote. Vikombe mezani vilitetemeka. Alisema bendini kwake wanamwita Nzito, na Fundi alielewa kwa nini, ingawa mwili wenyewe ungeweza kupita chini ya mlango.

"Unapiga vizuri," alisema. "Lakini hizo nyuzi zimekufa, dada."

"Ziache zilivyo. Nyuzi mpya zinapiga kelele. Mimi nataka mlio wa mtu anayeongea akiwa amefumba mdomo."

Fundi alitikisa kichwa, lakini akaandika namba yake ya simu.

Jumatatu alimpigia. "Lile tundu linaendeleaje?"

"Halijambo. Linakusalimia."

Jumatano akapiga tena. Ijumaa akapiga tena.

"Bwana wee," Nzito alisema, "mara tatu wiki hii unauliza hali ya tundu la waya. Siku utakayouliza hali yangu uniambie mapema, nivae vizuri."

"Basi vaa."

Alivaa gauni la kijani, na Fundi shati alilolazimishwa na dada yake kulipiga pasi. Tangu siku hiyo hawakuachana Jumapili. Walibishana kuhusu besi kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Fundi alisema gitaa la nyuzi tano linampa mtu nafasi. Nzito alisema uzi wa tano ni wa watu wenye wasiwasi. Fundi alisema besi isukumwe na amplifaya mbili. Nzito alimwambia, "Mpenzi, mimi napiga muziki, sibomoi nyumba." Mama yake Nzito alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni na kucheka. Mwezi wa tatu wa mapenzi yao alianza kumwita Fundi "mwanangu", na mwezi wa tano alimwekea kiti chake mwenyewe pale sebuleni.

Ndipo bendi ikapata studio. Nyimbo sita: tatu wiki ya kwanza, tatu wiki ya pili. Baada ya hapo kulikuwa na safari ya miezi minane, nchi tano, na kiongozi wa bendi alisema wazi kwamba atakayerekodi ndiye atakayesafiri. Nzito aliisubiri safari hiyo kwa miaka sita. Nyimbo tatu za kwanza zilitoka safi. Fundi naye alikuwa na mpango wake. Mjomba wake angekwenda kuposa kwa mama yake Nzito siku kazi ya studio itakapokwisha, na mzee alikuwa amekwisha kununua viatu.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, Nzito alipita dukani mbio mbio.

"Kaza hii skrubu ya mkanda tu, imelegea. Kesho saa mbili nakuja kulichukua, naenda nalo studio moja kwa moja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, baba. Niko njiani, mazoezi ya kuimba yananisubiri."

Fundi aliikaza skrubu. Kazi ilikwisha kabla maji yake ya chai hayajachemka. Kisha akabaki analitazama gitaa. Nyuzi zilikuwa zimeingia weusi. Kwenye droo alikuwa na seti mpya aliyoiagiza mbali, ya bei ya kutisha, akingoja siku ya kumpa. Akajiambia kwamba kesho ndiyo siku yenyewe. Kuhusu yale maneno kwamba anazipenda kuukuu, Fundi alikwisha kuyapima siku nyingi na kuyapatia maana yake. Maskini hasemi sina, husema sipendi. Mtoto wa watu anajikaza tu, aliwaza.

Akachukua koleo, akazikata katikati moja baada ya nyingine, kama mafundi wanavyofanya ili uzi usiruke usoni. Akaupaka mti wa gitaa mafuta, akazipandisha sumaku zilizo chini ya nyuzi, akafunga seti mpya. Gitaa likalia kama kengele. Jioni takataka za duka zilichukuliwa na lori, na vile vipande vikaenda nazo.

Asubuhi Nzito alikuja, akalibeba gitaa likiwa ndani ya mfuko wake.

"Kuna zawadi humo ndani," Fundi alisema.

"Nitaiona huko huko. Niombee!" Akamgusa shavu, akatoka.

Saa tatu na nusu simu ililia.

"Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Hee, hata asante hakuna? Umezionaje?"

"Sikiliza, mpenzi. Mrekodi amezipiga nyimbo za wiki iliyopita na huu wa leo pamoja. Anasema ni watu wawili tofauti. Nataka zile za zamani, natuma pikipiki sasa hivi. Ziko wapi?"

"Nilizikata."

"Umezikata?"

"Ndivyo tunavyozitoa."

Kulikuwa na neno moja la kusema hapo, na si refu. Fundi hakulisema. Alifanya alichozoea kufanya, akatoa ushauri.

"Tulia. Mwambie mrekodi apunguze mlio wa juu. Halafu kata kipande cha sponji, kibane chini ya nyuzi pale zinapoishia, karibu na mkono wako wa kulia. Zitafifia. Na ukweli tuuseme, zile zilikuwa zimekufa. Hao watu wako hawajui sauti nzuri ni ipi."

Nzito alikata simu. Sponji walijaribu. Besi ikasikika kama mtu aliyejifunika blanketi kichwani. Wakapunguza, wakaongeza, wakazirudisha sumaku chini, saa zikaenda. Kurudia zile tatu za kwanza kwa mlio mpya kiongozi wa bendi hakutaka, alikuwa ameupenda mlio ule wa zamani. Saa nane mchana alimwita mpiga besi mwingine, mtu mwenye nyuzi zilizozeeka vizuri, naye akazipiga nyimbo zote sita upya kwa siku mbili, ili mkono uwe mmoja. Safari ikaenda na mwenye nyimbo.

Jumatatu Nzito alifika dukani akiwa na kanga mabegani na macho yaliyovimba. Hakupiga kelele.

"Nilikuambia ninazipenda."

"Nilidhani huna uwezo wa kununua nyingine."

"Kwa hiyo ulidhani nasema uongo."

"Nilidhani unajikaza, mpenzi wangu."

"Miaka minane najikaza?"

"Aa, jamani!" Fundi alibwaga koleo mezani. "Zilikuwa nyuzi tu!"

Nzito aligeuka, akapita katikati ya wateja, akatoka. Fundi angeweza kumfuata. Mlango ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka mezani kwake. Lakini kulikuwa na mteja anayemtazama, na Fundi aliona aibu kukimbia akiwa na aproni.

Dada yake alimkuta jioni akila bila kutafuna.

"Umemwomba radhi?"

"Nimemweleza."

"Sikukuuliza kama umemweleza."

"Na yeye asinielewe kidogo? Nilimnunulia zawadi!"

"Ulijinunulia wewe," dada yake alisema. "Zile zilikuwa nyuzi za kukupendeza wewe. Inuka, nenda."

Hakuinuka. Alingoja hasira ya Nzito ipoe, na wiki ya kwanza ikaita ya pili. Wiki ya tano alipiga simu nyumbani kwao, akapokea mama yake Nzito.

"Amepata kazi hotelini, mji mwingine. Nitamwambia umepiga, fundi."

Fundi, si mwanangu.

Mwaka mmoja na miezi miwili ulipita. Alasiri moja Fundi alikodiwa kupanga spika kwenye ukumbi wa harusi. Aliingia ameikumbatia amplifaya kifuani, akamkuta jukwaani. Suruali nyeusi, shati jeupe la sare, nywele amezikata fupi sana. Alikuwa amependeza, na alikuwa amechoka.

"Nzito," alisema.

"Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Ni dada wa besi." Akatabasamu kidogo. "Hujambo, Fundi?"

Fundi aliitua amplifaya sakafuni.

"Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza. Ulipokasirika nilipaswa kunyamaza. Ulipotoka nilipaswa kukimbia. Sikufanya hata moja."

"Nilikusamehe zamani. Ningebeba kinyongo na gitaa, mgongo ungekatika."

"Basi nimtume mjomba. Hata kesho."

Nzito alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Macho yake yalilowa.

"Nilikupenda wewe. Nadhani bado nakupenda, ndiyo maana nakwambia ukweli. Siwezi. Nikisema nimeshiba, utanitazama kupima kama nimeshiba kweli. Nikisema gauni hili nalipenda, utapima. Nami nitakuona unapima. Nitaishije hivyo mpaka uzee?"

"Nimebadilika."

"Huenda. Lakini mimi ndiye ningekaa nikihakikisha."

Fundi hakubisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Akainamia waya.

"Amplifaya unaitaka wapi?"

"Pale kushoto. Asante."

Aliiweka kushoto. Walipeana mikono, mikono ikakawia, kisha wakaachiana. Akatoka kupitia mlango wa nyuma kabla wageni hawajaanza kuingia.

Hasara yake ilikuwa hii. Nyimbo sita zinazopigwa kila siku redioni, na besi ni ya mtu mwingine. Safari ya nchi tano aliyoingoja mwanamke kwa miaka sita, akaenda mwingine. Jina moja zuri ambalo halitumiki tena. Mama mkwe mmoja. Harusi moja, ambayo mjomba alikuwa amepanga iwe mwezi wa nane. Watoto wawili au watatu, kama Mungu angejalia. Fundi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na Jumapili zake zote zilikuwa wazi.