Tanga la Watu Wawili

Kila siku akitoka shule, Kija alitupa daftari zake kitandani, akala kiporo cha ugali na dagaa, kisha akateremka mwaloni Igombe, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, kumsaidia baba yake. Mzee Masalu alikuwa na mashua ya tanga, ya kuvusha mihogo ya watu kutoka visiwani. Lakini mwaka ule viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikitafuta vijana, na mabaharia wake wote watatu wakaenda kuajiriwa huko.

"Nitapanda mimi," alisema Odeta, mama yake Kija. "Baba Kija, unashangaa nini? Kasia naliweza tangu niko kwa baba yangu. Ila tanga hilo hushushwa na watu wanne. Dhoruba ikitukuta wawili, litatupindua."

Basi ikabidi itafutwe njia ya kukunja tanga kwa mikono michache. Njia zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kamba tatu zinazopita kwenye pete zilizoshonwa tangani; ukizivuta, tanga linajikusanya kwenye mlingoti kama pazia. Ya pili aliifikiria Kija mwenyewe. Josephat, fundi baiskeli wa Buzuruga, alisimamisha bomba nyuma ya mlingoti, akafunga mnyororo na pedeli chini yake. Ukizungusha pedeli kwa mkono, tanga linajiviringisha kwenye bomba kama mkeka.

"Kija, hiyo ni mashua au baiskeli?" alicheka Rahim, aliyesoma naye darasa moja. "Usisahau kengele, sangara wapishe njia!"

"Cheka tu. Kesho utakuja kuniomba uendeshe."

Baba alimpa daftari. "Jaribu kila njia mara ishirini. Ikikubali, weka vema. Ikigoma, weka kosa."

Kija hakuchoka. Viganja vilimtoka malengelenge, akavifunga vitambaa, akaendelea. Kamba zilikwama kwenye pete mara mbili. Akaandika kosa mara mbili bila huruma. Pedeli ilikubali mara kumi na mbili mfululizo. Siku ya mara ya kumi na tatu mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na tanga lilikuwa limelowa. Likajikunja vibaya, likavimba upande mmoja wa bomba, mnyororo ukachomoka. Tanga likabaki nusu wazi.

Kija alitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. "Ni mvua tu," akajiambia. Akaweka vema. Mara saba zilizobaki, tanga likiwa kavu, pedeli ilikubali.

Jumamosi baba alilisoma lile daftari, akatabasamu. "Pedeli imeshinda. Ishirini kwa ishirini!" Akachomoa kisu ili akate kamba za pete. Mama alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, tayari kwa safari, mkono wake uko kwenye pedeli. Kija akautazama mkono ule, uliompakulia uji asubuhi hiyo hiyo.

"Baba, usikate!" Sauti ilimtoka kabla hajajiandaa. "Mara ya kumi na tatu iligoma. Tanga lilikuwa limelowa. Niliweka vema kwa sababu... kwa sababu pedeli ni yangu."

Baba alishusha kisu taratibu. "Ungeniacha niondoke na mama yako hivyo?"

Kija alilengwa na machozi.

Mama hakupandisha sauti. "Leteni ndoo. Ziwani nani ana tanga kavu?"

Wakalimwagia tanga maji mpaka likachuruzika. Pedeli ilikwama mara tatu katika majaribio manne. Kamba je? Mama alivuta peke yake, na kabla hawajahesabu kumi tanga lilikuwa limejikusanya. Mara ya nne, kamba ikanasa kwenye pete.

Kija alipangusa macho, akaikagua ile pete. "Ni nyembamba. Kamba ikilowa inavimba. Nitatengeneza nyingine."

Akampelekea Josephat lile bomba la pedeli, likakatwa vipande kuwa pete pana. Jioni nne mfululizo Kija alizisugua kwa tupa mpaka zikawa laini, na Rahim akazishona. Wakajaribu tena mara ishirini, kila mara tanga likiwa limelowa, baba akiangalia. Vema ishirini.

Jumamosi iliyofuata, mashua ikiwa njiani kurudi, wingu jeusi lilitanda juu ya ziwa. Kija na Rahim walisimama ufukweni. Upepo ulipiga, tanga likajaa, mashua ikalala upande. Kija akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu... Alipofika nane, tanga halikuonekana tena.

"Wamezama!" alipiga kelele Rahim.

"Mlingoti si ule pale? Wamelikunja."

Baba na mama walifika kwa kupiga makasia. Mama alishuka amelowa chapachapa, akaketi juu ya gunia la mihogo.

"Kija mwanangu, pedeli kugoma si kosa lako. Fundi yeyote hujaribu kitu kikashindikana. Kosa lilikuwa kuficha. Kitu ambacho watu watakitegemea kwa uhai wao, uwe unakipenda au hukipendi, sema kilivyokuwa. Wewe hukuniokoa leo. Uliniokoa siku ile uliposema, 'Baba, usikate.' Haya, lete daftari."

Kija akalifungua. Kwenye ukurasa wa pedeli akaikata ile vema ya kumi na tatu, akaweka kosa. Kisha akageuza kwenye ukurasa wa kamba, akaandika: "Mara ya ishirini na moja. Dhoruba. Vema."